Maji Yanayopotelea Njiani: Somo la Kusakafia Mifereji ya Mashamba

Mkazi wa Kware huhesabu maji kwa mtungi. Mtungi wa lita 20 ukitoboka kati ya kibanda cha maji na lango la ploti, anayeubeba huiona hasara papo hapo: viatu vimelowa, njia ina michirizi, na mtungi umekuwa mwepesi kabla ya kufikishwa ghorofani. Mfereji wa kunyunyizia mashamba hupoteza maji kwa namna hiyo hiyo, ila hakuna anayeiona michirizi. Maji huzama ardhini kimyakimya, na mkulima aliye mwisho wa mfereji ndiye anayebaki akitazama matope yaliyokauka.

Huenda mkazi akauliza: mtu anayeishi Embakasi Kusini ana haja gani na mfereji wa shambani? Zipo sababu mbili. Ya kwanza ni sahani yake. Mchele wa Mwea unaouzwa madukani mtaani hukuzwa Kaunti ya Kirinyaga, kilomita 100 hivi kaskazini mashariki mwa Nairobi, kwa maji yanayofika shambani kupitia mifereji. Maji yakipungua huko, mavuno hupungua, na bei hupanda huku.

Sababu ya pili ni mfuko wake. Wakazi wengi wa Kware, Pipeline na Mukuru wana kipande cha shamba nyumbani, au wana wazazi na ndugu wanaokitegemea. Wengine ni wa Kirinyaga, wengine wa Marakwet, wengine wa Marigat, nyanda za Kano au Taveta, mahali ambapo kilimo hufuata mfereji. Siku moja ujumbe huingia kwenye simu: kikundi cha mfereji kinachangisha pesa za simiti. Somo hili linaeleza kinachonunuliwa kwa mchango huo, wakati ambao mchango huo una faida, na wakati ambao pesa hizo zingefanya kazi bora kwingine.

Maji hupotea wapi?

Maji yanayotoka mtoni hadi shambani kwa mfereji wa udongo hupotea kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kuzama. Maji hupenya polepole sakafuni na kwenye kingo, katika urefu wote wa mfereji, usiku na mchana. Hii ndiyo hasara kubwa katika mifereji mingi ya udongo, na ndiyo inayopunguzwa kwa kusakafia.

Njia ya pili ni kuvuja. Hapa maji hutoka kwa tundu linaloonekana: shimo la fuko au panya, mzizi uliooza ukaacha njia, ukingo uliokanyagwa na ng'ombe, au lango bovu. Kuvuja si kuzama. Tundu huzibwa kwa jembe na udongo mzuri katika siku moja. Halihitaji mifuko 60 ya simiti.

Njia ya tatu ni kufurika, pale mfereji unapojaa tope na magugu hadi maji yakapanda juu ya ukingo.

Njia ya nne ni jua. Watu wengi hulilaumu jua kwanza, lakini katika mfereji unaotiririka, maji yanayogeuka mvuke huwa machache yakilinganishwa na yale yanayozama. Sababu ni kwamba uso wa maji ni mwembamba na maji hayakai muda mrefu mahali pamoja.

Udongo na umbali

Kiasi kinachozama hutegemea mambo matatu makuu: aina ya udongo, urefu wa mfereji, na ukubwa wa eneo ambalo maji hugusa udongo. Mchanga una nafasi kubwa kati ya chembe zake, hivyo hupitisha maji upesi. Tifutifu hupitisha kwa kiasi. Udongo wa mfinyanzi hupitisha kidogo.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limetoa vipimo vya makadirio ambavyo wahandisi wengi hutumia wanapopanga mradi. Tukivigeuza kuwa mitungi, hali ni hii. Mfereji wa udongo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 ukipewa mitungi 100 mtoni, mitungi 60 hufika mwisho ikiwa udongo ni wa mchanga, 70 ikiwa ni tifutifu, na 80 ikiwa ni mfinyanzi. Mfereji mfupi, usiozidi mita 200, hufikisha 80 katika mchanga, 85 katika tifutifu na 90 katika mfinyanzi. Mfereji uliosakafiwa hufikisha 95, uwe mrefu au mfupi.

Vipimo hivyo ni vya mifereji inayotunzwa vizuri. Mfereji uliosahaulika hupoteza zaidi.

Hesabu hiyo ina fundisho. Kusakafia mfereji mrefu wa mchanga huokoa mitungi 35 katika kila 100. Kusakafia mfereji mfupi wa mfinyanzi huokoa mitungi 5. Simiti ni ile ile, fundi ni yule yule, lakini faida ni tofauti kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza la anayechanga si "simiti ni pesa ngapi?" Swali la kwanza ni "udongo wa pale ni upi, na mfereji una urefu gani?"

Udongo mweusi: wa Mwea na wa Embakasi

Mradi wa Mwea ulianza katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na sehemu kubwa ya kazi ya mikono ilifanywa na watu waliozuiliwa na serikali ya kikoloni. Maji yake hutoka mito ya Nyamindi na Thiba, na hushuka hadi mashambani kwa mteremko, bila pampu. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, lina uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 15.6 ili kuwafaa wakulima hao wakati mito inapopungua.

Sehemu kubwa ya mashamba ya mpunga ya Mwea ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mafundi huuita blakikotoni. Mkazi wa Kware hahitaji kusafiri ili kuuona. Ndio huo uliotandaa katika nyanda za Embakasi: mvua ikinyesha hunata kwenye viatu kama gundi, na kiangazi kikija hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono.

Udongo huu una tabia mbili zinazopingana. Ukiwa umelowa, huvimba na kujifunga, na maji hupenya kwa shida. Ndiyo sababu unafaa mpunga unaohitaji kusimama majini. Ukikauka, hunywea na kufungua nyufa. Mfereji wa udongo mweusi uliokaa wiki kadhaa bila maji hunywa maji mengi siku ya kwanza ya kufunguliwa, mpaka nyufa zijifunge tena. Mkulima wa mwisho husubiri na kudhani aliye juu amemwibia, kumbe maji yamemezwa na nyufa.

Tabia hiyo hiyo huvunja simiti. Zege likimwagwa moja kwa moja juu ya udongo mweusi, udongo huvimba mvua ikija na kulisukuma juu, kisha hunywea wakati wa kiangazi na kuliacha likining'inia. Baada ya misimu michache zege hupasuka vipande vipande, na mfereji hurudi kuvuja. Wenye nyumba mtaani wameyaona hayo kwenye sakafu na kuta zilizojengwa bila kuuondoa udongo huo. Dawa ya msingi wa nyumba ndiyo dawa ya mfereji: udongo mweusi huchimbwa na kuondolewa, kisha moramu isiyovimba hutandazwa na kushindiliwa kabla ya zege kumwagwa. Kikundi kinachoruka hatua hiyo ili kupunguza gharama hulipa mara mbili.

Pima kwanza, changa baadaye

Kupoteza maji si jambo la kukisia. Kuna njia mbili za kupima ambazo kikundi kinaweza kuzifanya chenyewe kwa vifaa vya nyumbani.

Njia ya jani na saa. Chagua sehemu mbili za mfereji, moja karibu na mtoni na nyingine karibu na mwisho. Kati ya sehemu hizo asiwepo mtu anayechota au kufungulia maji shambani kwake wakati wa kipimo. Katika kila sehemu pima mita 10 zilizonyooka. Pima upana na kina cha maji. Kisha dondosha jani au kijiti katikati ya mkondo, na uhesabu sekunde linazochukua kuzipita mita hizo 10. Rudia mara tatu au nne na uchukue wastani.

Mfano: juu, mfereji una upana wa mita 0.6 na kina cha maji cha mita 0.3, na jani limechukua sekunde 25. Kasi ya jani ni mita 0.4 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosugua sakafu, kasi hiyo huzidishwa kwa 0.85, tunapata 0.34. Zidisha upana kwa kina kwa kasi: 0.6 mara 0.3 mara 0.34 ni mita za ujazo 0.061 hivi kwa sekunde, yaani lita 61.

Mwisho wa mfereji, upana ni ule ule lakini kina ni mita 0.25 na jani limechukua sekunde 31. Kwa hesabu hiyo hiyo, kinachofika ni lita 41 kwa sekunde. Lita 20 zimepotea njiani kila sekunde: mtungi mmoja wa Kware kila sekunde, mitungi 3,600 kila saa.

Njia ya kutuamisha. Njia hii huonyesha ni kipande kipi cha mfereji kinachokunywa zaidi. Mfereji ukiwa hauna zamu ya mtu, ziba kipande cha mita 20 kwa udongo au magunia ya mchanga pande zote mbili. Jaza maji hadi kimo cha kawaida. Chomeka kijiti chenye alama na usome kimo cha maji, kisha soma tena baada ya saa 24. Pembeni weka beseni lenye maji, ili kujua jua limechukua kiasi gani.

Mfano: maji mferejini yameshuka sentimita 12, na kwenye beseni yameshuka sentimita 0.6. Tofauti, sentimita 11.4, ndiyo iliyozama. Ikiwa upana ni mita 0.6, basi 0.114 mara 0.6 mara 20 ni mita za ujazo 1.368, yaani lita 1,368, karibu mitungi 68 kwa siku katika mita 20 tu. Fanya hivyo katika vipande vitano au sita. Mara nyingi hutokea kwamba kipande kimoja kinachopita kwenye mchanga au mawe kinakunywa kuliko vingine vyote pamoja. Hicho ndicho cha kusakafia kwanza, na pengine ndicho pekee kinachohitaji kusakafiwa.

Njia za kusakafia

Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Ni njia ya bei nafuu pale ambapo mfinyanzi usiopasuka sana unapatikana karibu. Udongo hutandazwa kwa tabaka nyembamba, ukalowanishwa kiasi na kushindiliwa. Hudumu iwapo ng'ombe hawaingii mferejini na maji hayakauki kwa muda mrefu.

Mawe na simiti. Mawe hupangwa sakafuni na kandoni, na mianya kujazwa mchanganyiko wa simiti na mchanga. Hufaa sehemu zenye mteremko mkali na mahali ambapo mawe ni mengi. Mafundi wa Kware, mtaa ambao jina lake ni neno la mitaani la machimbo ya mawe, wanaielewa kazi hii vizuri.

Zege. Ndiyo njia inayopendwa zaidi, na ndiyo inayokula pesa. Kwa mfereji mdogo wenye sakafu ya mita 0.6 na kuta mbili za mita 0.4, zege la unene wa sentimita 7.5 huhitaji takriban mita za ujazo 10.5 kwa kila mita 100. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa ndoo 1 ya simiti, 2 za mchanga na 4 za kokoto, hiyo ni kati ya mifuko 60 na 70 ya kilo 50. Anayechanga akiletewa hesabu ya mifuko 150 kwa mita 100 za mfereji wa ukubwa huo, ana haki ya kuuliza mifuko mingine inaenda wapi. Akiletewa hesabu ya mifuko 25, aulize zege hilo litakuwa jembamba kiasi gani.

Zege lina masharti matatu. Liachiwe viungo kila baada ya mita 2 hadi 4, vijazwe lami, ili linapotanuka na kunywea lisipasuke ovyo. Limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua 7 baada ya kumwagwa. Zege linalokauka haraka kwa jua huwa dhaifu. Na mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, kuta ziachiwe vitundu vya kuyatoa, ama sivyo yatazisukuma kuta kutoka nyuma mfereji ukiwa mtupu.

Karatasi nene ya plastiki. Ni ile ile inayotandikwa kwenye vidimbwi vya kuhifadhia maji. Huzuia kuzama vizuri sana na hukubali udongo unaovimba na kunywea, jambo ambalo zege halikubali. Adui zake ni jua, kwato za mifugo, jembe na mizizi. Kwa hiyo hufunikwa kwa udongo au mawe madogo, na kingo zake kuzikwa pembeni. Kwa mfereji wa ukubwa uliotajwa, karatasi yenye upana wa mita 2.2 huacha sentimita 40 za kuzika kila upande.

Bomba. Pale maji ni machache na mteremko upo, bomba huondoa kuzama, jua na magugu kwa pamoja. Lakini bomba huziba, na tope lililo ndani halionekani. Linahitaji chujio na mtu wa kulisafisha.

Saruji: neno lenye asili ya mfereji

Kusakafia mifereji si jambo jipya. Nchini Oman, ambako wako wazungumzaji wengi wa Kiswahili, vijiji hupata maji kupitia aflaji, mifereji inayotoa maji chini ya ardhi, chemchemini au mabondeni na kuyapeleka mashambani kwa mteremko tu. Takriban aflaji 3,000 bado zinatumika, na mwaka 2006 tano kati yake ziliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Mafundi wa huko tangu zamani walipaka kuta kwa mchanganyiko wa udongo uliochomwa na chokaa uitwao saruj. Ndilo neno lililotupa "saruji" ya Kiswahili.

Afrika Mashariki nayo ina mafunzo yake. Wamarakwet wamechimba mifereji kwenye ukuta wa Bonde la Kerio, wakipitisha maji kwenye majabali kwa mawe, magogo, matawi na udongo, na wamekuwa wakiitunza kwa vizazi vingi. Wachaga wa Kilimanjaro wana mifongo yao, na Wapare wana ndiva, vidimbwi vinavyokusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwa nguvu moja. Katika jamii hizo zote, kilichodumisha maji ni utaratibu wa watu: nani anasafisha kipande kipi, nani ana zamu lini, na asiyefika kazini anatozwa nini. Simiti iliyowekwa mahali pasipo na utaratibu huo haidumu.

Anayepata na anayepoteza

Maji yanayozama hayapotei kwa kila mtu. Kisima cha jirani aliye chini ya mfereji huenda kinajazwa na maji hayo hayo. Migomba iliyo kando ya mfereji hunywa humo.

Mfano unaojulikana duniani ni mfereji wa All-American, ulio California karibu na mpaka wa Marekani na Meksiko. Ulikuwa wa udongo, ukipita kwenye mchanga. Kilomita 37 hivi zilisakafiwa kwa zege, na mradi huo uliokoa zaidi ya mita za ujazo milioni 80 za maji kwa mwaka, zaidi ya mara tano ya uwezo wa Bwawa la Thiba. Lakini wakulima wa bonde la Mexicali, upande wa pili wa mpaka, walikuwa wakivuta maji hayo kwa visima, na walipinga mradi huo mahakamani bila mafanikio. Hakuna aliyesema uongo: upande mmoja uliokoa maji, upande wa pili ulipoteza visima.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kusakafia mfereji kiwaite mezani wenye visima vilivyo chini, si wanachama wake pekee. Pengine watakubaliana kuacha kipande fulani bila kusakafia, au kuwawekea bomba la maji ya nyumbani. Ni rahisi kukubaliana kabla ya zege kumwagwa kuliko baadaye.

Zipo faida nyingine za kuhesabu. Sakafu laini huyakimbiza maji, magugu hupungua, na konokono wanaoeneza kichocho hukosa mahali pazuri pa kukaa, jambo lenye uzito katika maeneo ya mpunga kama Mwea. Mashamba yaliyo kando ya mfereji huacha kujaa maji na chumvi. Na ipo hatari ya kuhesabu pia: ukuta laini wenye mteremko ni mgumu kupanda. Mtoto akiteleza mferejini hapati pa kushika. Ngazi ndogo zijengwe kila baada ya umbali mfupi karibu na makazi, na mifugo itengewe mahali pa kunywa.

Kusakafia ni nusu ya kazi

Maji yakishafika shambani, bado hupotea. Kwa makadirio ya FAO, unyunyizaji wa kufurisha shamba hutumia vyema takriban asilimia 60 tu ya maji yaliyofika. Unyunyizaji wa matone hufikia asilimia 90. Mfereji mrefu wa tifutifu ukifikisha mitungi 70 kati ya 100, mizizi hupata 42. Ukisakafiwa na kufikisha 95, mizizi hupata 57. Ni faida kubwa, lakini mitungi 43 bado imepotea, na 38 kati ya hiyo imepotelea shambani kwenyewe. Kusawazisha shamba, kugawa vijaruba vidogo na kuheshimu zamu hakuhitaji simiti hata mfuko mmoja.

Somo kwa Kware yenyewe

Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini inatambua kilimo kama shughuli halali mjini. Kwa mkazi mwenye bustani ya sukuma wiki uwanjani au kwenye magunia, kanuni ni zile zile kwa kipimo kidogo: mfereji wa mita 5 uliotandikwa plastiki, au bomba dogo lenye matundu, hufikisha maji mwisho wa tuta bila kulowesha njia ya jirani. Maji ya kuogea na kufulia yasiyo na kemikali kali yanaweza kumwagilia miti. Maji ya Mto Ngong unaopita Mukuru yasitumiwe kunyunyizia mboga, kwa kuwa mto huo hupokea maji taka na taka za viwandani. Kusakafia mfereji hakusafishi maji.

Mitaro ya mtaani nayo inafuata kanuni ya udongo mweusi. Mtaro wa udongo ulio kando ya ukuta hulowesha msingi wakati wa mvua na kuuacha ukauke kiangazi, na nyumba hupata nyufa. Mtaro uliosakafiwa huyaondoa maji mbali na msingi, mradi haujajazwa taka.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma mchango

1. Je, hasara imepimwa, na ni kipande kipi kinachokunywa zaidi?
2. Udongo ni upi? Kama ni mweusi, moramu iko kwenye bajeti?
3. Matundu, tope na malango mabovu yameshashughulikiwa?
4. Kikundi kimesajiliwa, na kina kibali cha kutumia maji kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji?
5. Wenye visima walio chini ya mfereji wameulizwa?
6. Baada ya kujenga, nani atasafisha, siku gani, na pesa za kuziba nyufa zitatoka wapi?

Kikundi chenye majibu ya maswali hayo sita kinastahili mchango. Kisicho na majibu kipewe kwanza nakala ya somo hili na kijiti chenye alama.

Zoezi

(a) Mfereji wa tifutifu wa kilomita 3 unapewa mitungi 200. Mingapi hufika mwisho? Ukisakafiwa, mingapi?
(b) Kipande cha mita 10 chenye upana wa mita 0.5 kimezibwa kwa saa 24. Maji yameshuka sentimita 10, na beseni limeshuka sentimita 1. Lita ngapi zimezama?
(c) Mfereji wa mfinyanzi wa mita 150 una matundu manne ya fuko. Kikundi kina pesa za simiti. Kifanye nini kwanza?

Majibu: (a) Mitungi 140, ukisakafiwa, 190. (b) 0.09 mara 0.5 mara 10 ni mita za ujazo 0.45, yaani lita 450. (c) Kizibe matundu, kisha kipime tena. Mfereji mfupi wa mfinyanzi unaotunzwa hufikisha mitungi 90 katika 100. Huenda pesa za simiti zikafaa zaidi kusawazisha mashamba.